Barafu ya Rafaeli, Mahindi ya Mama

Jumapili, 17 Novemba
Mvua ya kwanza imeshuka leo wakati wa komunyo. Bati la kanisa lilipiga kelele hadi padre akasimama na kikombe mkononi akisubiri, nasi tukabaki tunatazamana na kuchekea viganjani kama watoto. Hata wanakwaya wawili walionuniana tangu Pasaka wamesalimiana mlangoni.

Naanza kuandika kwa ajili ya Rafaeli, mdogo wangu. Jana amepanda meli Cape Town kwenda Antaktika, bara la chini kabisa ya dunia, ambako nchi yote imelaliwa na barafu. Hiyo barafu ndiyo masomo yake: inapungua wapi, kwa kasi gani, na kwa nini. Alinipigia kabla ya kupanda. "Dada Fransiska, mimi nitapima barafu huku, wewe niandikie mvua ya nyumbani." Nikamwambia mimi ni mwalimu wa jiografia, si kituo cha hali ya hewa. "Andika tu, dada. Nitataka kujua mlikuwaje."

Mama, alipoambiwa mara ya kwanza kwamba mwanawe anasomea barafu, aliuliza, "Ya kuuza?"

Jumanne, 19 Novemba
Kidato cha Tatu. Asubuhi nilipitia Majengo kwa mama mmoja mwenye friji, anayeuza barafu za rangi kwenye vifuko. Nikamwomba anigandishie maji matupu. Darasani nikajaza glasi mbili hadi ukingoni: moja barafu inaelea ndani, nyingine barafu nimeiweka juu ya kichujio cha chai. Ile inayoelea iliyeyuka bila kumwaga tone. Ile ya juu ya kichujio ilimwaga maji hadi kwenye daftari za mbele. Nikawaambia: ya kwanza ni barafu ya baharini, ya pili ni barafu iliyo juu ya nchi kavu.

Salome, yule asiyeridhika haraka, akanyoosha mkono. "Madam, kwa hiyo ile inayoelea ikiisha hakuna hasara?"

"Ipo. Ukipita mbele ya bati jipya saa saba mchana, macho yako yanafanyaje?"

"Yanaumia."

"Kwa sababu linakurudishia jua. Barafu nyeupe nayo hulirudisha jua lilikotoka. Ikiondoka, panabaki maji meusi, na maji meusi yanalimeza joto. Joto likizidi, barafu nyingine inayeyuka."

"Kwa hiyo inajila yenyewe."

Sikuwa na maneno bora kuliko hayo. Barafu iliyobaki waliimaliza kwa kuilamba.

Jumamosi, 23 Novemba
Nimekuja kijijini kwa mama. Amepanda mahindi shamba la bondeni, karibu na kijito. Kabula, jirani yake, ndiye aliyekuja na jembe la ng'ombe. Kabula na mumewe Masanja ni Wasukuma. Walihamia hapa na mifugo yao miaka kadhaa iliyopita wakajenga ng'ambo ya kijito. Mama hakuwapenda mwanzoni. Ng'ombe walimlia maharage. Siku hizi wanapeana chumvi, na Kabula anamwita mama, si Mama Fransiska kama wengine.

Alhamisi, 28 Novemba
Mvua, nzuri.

Jumapili, 1 Desemba
Rafaeli ametuma sauti. Wamefika kwenye barafu. Amesema jua halizami kabisa, na mtu asipotazama saa anasahau kulala. Kisha akasema, "Sikiliza hiki." Ametia kipande cha barafu ya kale kwenye kikombe cha maji. Kikawa kinalia, pa, pa, tss, pa. Ni hewa iliyofungwa humo theluji ilipokuwa ikishindiliana, kabla ya babu wa babu zetu, nayo inapasuka ikitoka. Wanazipima hewa hizo wajue dunia ilipumua nini zamani. Anasema hewa ya leo ina moshi kuliko yote waliyoikuta humo.

Nilimpigia mama nikamsikilizisha kwenye simu. "Kama bisi," akasema.

Jumatano, 11 Desemba
Mvua imekatika tangu juma lililopita. Upepo tu, ule wa Sumbawanga unaopita katikati ya sweta.

Rafaeli ametuma sauti nyingine, na sauti yake haikuwa yake. Kuna ndege huko, pengwini wakubwa, wanaolelea vifaranga juu ya barafu ya bahari. Kifaranga ana manyoya laini ya kijivu, hayazuii maji. Lazima barafu imsubiri mpaka aote manyoya ya kiutu uzima. Mwaka huu upande ule waliopita, barafu ilivunjika mapema. "Tuliwakuta majini, dada. Wengi. Wakubwa wanazunguka wanaita. Nahodha alipunguza mwendo, sijui kwa nini, hakukuwa na cha kufanya." Nikasikia injini. "Mzee mmoja hapa anasema zamani barafu ile ungeweza kuitegemea kama kalenda."

Jumamosi, 14 Desemba
Shule zimefungwa, nipo kwa mama. Mahindi ya mlimani yamejikunja kama majani ya chai. Ya mama bado yamesimama kwa sababu ya unyevu wa bonde. Niliisikia kisimani kabla sijateka maji: mvua imefungwa. Na aliyeifunga wanamjua. Mbona Masanja ana dawa za mvua kwao? Mbona ng'ombe wake bado wanang'aa?

Nilimwuliza Kabula kama amesikia. Alikuwa anakamua. Hakuinua kichwa. "Nimesikia, dada. Kule tulikotoka mvua ilipokatika walisema ni mama mkwe wangu. Ndiyo sababu tuko huku."

Sikumwuliza mama mkwe yuko wapi.

Ijumaa, 20 Desemba
Jua.

Jumatatu, 23 Desemba
Jua. Baba mdogo Adolfu amepita kutazama mahindi yake, akayavulia kofia kama anayesimama kaburini. Ana watoto saba nyumbani na wajukuu. Ni mdogo wa marehemu baba yetu, na neno lake hapa kijijini ni zito. Mama alimkaribisha chai, akakataa.

Alhamisi, 26 Desemba
Leo baada ya sala ya jumuiya waliniomba nizungumze. Ni mwalimu, nimetoka mjini, niwaambie mvua iko wapi. Nilifurahi. Niliwaza: nikiwaeleza, watamwacha Kabula.

Nikawaambia juu ya moshi wa viwanda na magari ya nchi nyingine unavyoifunika dunia kama blanketi, joto likabaki ndani. Nikawaambia barafu ya ncha zote mbili za dunia inayeyuka kwa joto hilo, bahari zinabadilika, na mvua nazo zinapoteza njia. Nikasema wazi kwamba siwezi kuapa kuwa barafu ile ndiyo iliyokatisha mvua hii. Ila joto linaloila ile ndilo linalotuvuruga sisi. Nikasema hakuna mtu wa hapa aliyefunga chochote.

Baba mdogo Adolfu akauliza, "Wewe hiyo barafu umeiona?"

"Mimi hapana, baba. Rafaeli ndiye yuko huko sasa hivi. Anaitoboa kwa mashine, anaipima."

Nilisema kwa majivuno, nakiri. Wakaitikia "Aaa," wote kwa pamoja. Nilidhani ni aaa ya kuelewa.

Alhamisi, 2 Januari
Mvua imerudi! Kijiji kizima kiko shambani wanapanda upya. Watu wanaimba. Masanja amewalimia watatu bila malipo, na wamekubali.

Jumatatu, 13 Januari
Shule zimefunguliwa. Matope hadi mlango wa ofisi.

Jumatatu, 20 Januari
Rafaeli hajatuma kitu tangu juma la Krismasi ya Waorthodoksi walio melini; nakumbuka kwa sababu alinitania kuhusu kula pilau mara mbili. Nimeandika ujumbe, hauendi.

Jumatano, 22 Januari
Kimya. Mvua kubwa.

Alhamisi, 23 Januari
Kimya. Mama amepiga mara mbili. Mara ya pili hakuuliza chochote, akaniambia tu kwamba maharage yametoa maua.

Jumamosi, 25 Januari
Yuko hai.

Amepiga mwenyewe, sauti inakatika na kurudi. Walishuka wachache kuweka vipimo juu ya barafu ya bahari, iliyoshikana na pwani. Barafu ambayo, kwa ramani zao, haivunjiki kabla ya mwisho wa kiangazi. Ikavunjika. Hakuna aliyesikia mlio. Mwenzake aliona tu kwamba meli imehama, kisha wakagundua ni wao waliohama. Wakaelea juu ya kipande kikubwa kama uwanja wa mpira, ukungu ukashuka, helikopta haikuweza kuruka. Alivua glavu ili kumfungia kamba mwenzake aliyekuwa ameteleza hadi kiunoni majini. Walipookolewa vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa. Daktari wa meli amevikata.

"Mwenzako?"

"Mzima. Ananiita kaka sasa." Akajaribu kucheka. "Dada, usimwambie mama habari ya vidole. Nitamwambia mwenyewe akiniona."

Nimelia hadi mpangaji wa chumba cha pili akagonga kuuliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna. Nikaendelea kulia.

Ijumaa, 14 Februari
Mvua kila siku. Mahindi ya kijijini, hata yale yaliyopandwa upya, yamenyooka vizuri. Mama anasema ya kwake yanaanza kubeba.

Jumanne, 4 Machi
Saa kumi jioni mbingu upande wa kijijini ilikuwa ya kijani, rangi ya chupa. Hapa mjini tulipata upepo na matone machache. Mama amepiga simu saa kumi na mbili. "Mvua ya mawe," akasema. "Fransiska, mlima wote ni mweupe."

Nikamwuliza kama ameumia. Hapana. Nyumba? Nzima. Shamba?

"La kwangu," akasema, "halikuguswa."

Hata kwenye simu niliisikia hofu ndani ya sauti yake, na wakati ule sikuielewa. Nikamwambia, "Mungu ni mkubwa, mama."

Jumatano, 5 Machi. Majivu
Niliomba ruhusa, nikachukua bodaboda alfajiri. Nimeona mvua za mawe tangu utotoni. Uwanda huu ndiyo kawaida yake. Lakini hii ilipita kama mkanda, kutoka mlimani hadi karibu na kijito. Ndani ya mkanda hakuna jani. Mabua yamebaki wima yakiwa uchi. Kwenye vivuli vya kuta barafu ilikuwa bado imelundikana, chafu, watoto wakiisukuma kwa vijiti. Kisha mkanda unaishia kwenye njia ya ng'ombe, na ng'ambo ya njia ni mahindi ya mama, ya kijani, yanatikisa ndevu zake. Na ng'ambo ya kijito, mtama wa Kabula.

Kanisani watu walijaa. Niliketi na mama benchi la kawaida, na benchi likabaki letu wawili. Padre alipotupaka majivu aliyasema maneno yale ya mavumbi, na mwanamke aliyekuwa nyuma yetu akasema, si kwa sauti ya chini, "Wengine ndio mavumbi."

Baada ya misa walikuwa wamesimama nje. Si kundi la vurugu. Majirani. Wanawake waliomzika baba nasi. Baba mdogo Adolfu alikuwa mbele, kofia mkononi.

"Shemeji Otilia," akamwambia mama, "nataka kuuliza mbele ya watu, ili nisiulize nyuma yako. Kwa nini mawe yameruka shamba lako?"

"Sijui, shemeji."

"Mwanao anafanya kazi gani?"

"Unaijua kazi yake."

"Nataka uiseme."

Mama akasema, "Anapima barafu."

"Fransiska alituambia hapa hapa. Anaitoboa kwa mashine. Na alituambia kwamba huko kukiharibika, huku kunaharibika." Akanigeukia. "Ni uongo?"

Nilianza kueleza. Nilisema mvua ya mawe hutengenezwa juu mawinguni, hapo hapo juu ya vichwa vyetu, haisafiri kutoka Antaktika. Nikasema Rafaeli anapima kama daktari anavyopima homa, na anayepima homa siye aliyeileta. Nilikuwa nasikia sauti yangu ya darasani ikitoka, kali na ya juu, na nikawaona wanavyofunga nyuso. Mtu akasema, "Barafu imemwangukia kila mtu isipokuwa mama yake. Daktari gani huyo?"

Hapo Kabula, aliyekuwa kando na mwanawe mgongoni, akasema, "Na mtama wangu pia haukuguswa. Mbona hamniulizi mimi?"

Nikatamani kumziba mdomo. Wakamtazama wote, na nikaona fikra ikiingia vichwani mwao kama maji yanavyoingia kwenye ufa. Wale wawili. Wanaopeana chumvi.

Tumerudi nyumbani njia ya kijitoni. Hakuna aliyetusemesha. Mama alifika, akavua viatu vya kanisani, akavifuta, akaviweka chini ya kitanda. "Sasa nimekuwa mchawi," akasema. "Uzeeni huku, nimepata kazi mpya." Hakuwa anatania. Nilimwambia twende mjini leo leo, mtaa wa Izia ninakopanga, kwangu kuna kitanda. Akasema, "Nikiondoka nitakuwa nimekiri." Ninawajua vikongwe waliokiri kwa kuondoka, na ninawajua waliobaki. Sote tunajua habari za waliobaki. Sikumwambia hayo. Nimelala kwake, na mlango tumeuegemezea kinu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudi kazini kwa sababu lazima. Masanja ameniahidi atakuwa anapita kwa mama asubuhi na jioni. Nilimwuliza kama hiyo haitawaponza zaidi. "Tumeshaponzeka, mwalimu."

Jumanne, 11 Machi
Meli imerudi Cape Town. Nimemweleza Rafaeli yote. Akasema, "Nilidhani mimi ndiye niliye mahali pa hatari."

Jumamosi, 15 Machi
Mwezi huu ndio wa kutengeneza ntumba, yale matuta ya duara ambayo sisi Wafipa tunafukia majani chini yake yaoze, ili mwakani ulezi upate nguvu. Ni kazi ya kuitana. Mama alipika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, akaweka chungu kivulini na mirija yake yote. Tulianza asubuhi. Watu walipita njiani na majembe mabegani kwenda kwingine. Mmoja alikuwa mwanafunzi mwenzangu wa darasa la nne. Nikamwita kwa jina, akainama kufunga kiatu ambacho hakina kamba.

Waliokuja ni Kabula na Masanja. Hawajui ntumba, kwao hulimwa kwa ng'ombe. Masanja alijenga la kwanza likawa kama kaburi, mama akacheka, mara ya kwanza tangu Majivu. Akamshika mikono akamwonyesha. Jioni kimpumu ilibaki zaidi ya nusu.

Jumapili, 23 Machi
Mahindi ya mama yamekomaa kwa kuchoma. Leo baada ya misa, kabla watu hawajatawanyika, alipanda kwenye ngazi ya kanisa. Hakunidokeza kitu. Mama yangu, ambaye hata kusoma somo hukataa.

"Mahindi yangu yapo," akasema. "Mawe yaliyaruka, sijui kwa nini. Nyumba ambazo watoto hawajala, njooni mchukue. Sitasimama kuangalia nani kachukua."

Mtu akasema, "Tule mahindi ya mchawi tufe?"

Kabula akatoka katikati yao. Alikwenda shambani mbele ya macho ya wote, akarudi na mahindi manane kwenye kanga, akawasha moto pale pale uwanjani pa kanisa kwa vijiti. Akachoma. Akala, akawapa wanawe, wakala. Watu waliangalia mpaka mwisho, kisha wakaenda makwao. Hakuna aliyefuata.

Ijumaa, 28 Machi
Mama kwenye simu: "Asubuhi nimekuta mistari miwili imevunwa. Kwa unadhifu, hawakuvunja hata bua."

"Wezi?"

"Wezi gani? Niliwaambia wachukue." Kisha akasema, "Wanaokula kwa aibu nao wanashiba, mwanangu."

Jumanne, 1 Aprili
Mistari mingine mitano. Kisimani bado hawamsalimii.

Jumamosi, 5 Aprili
Rafaeli amefika. Amekonda, uso umebabuka kwa jua la kule na midomo imepasuka. Mama alimpokea mlangoni, akashika mkono wa kulia kabla hajaweza kuuficha. Akaugeuza. Akaupapasa pale vidole vinapoishia. Aliingia ndani akarudi na mafuta ya kujipaka, akaketi akaanza kuupaka ule mkono polepole kama wa mtoto aliyezaliwa jana, na Rafaeli, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, akamlilia begani.

Jumapili, 6 Aprili
Baba mdogo Adolfu amekuja mwenyewe, peke yake. Rafaeli akamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia "Marahaba" huku macho yakiwa kwenye mkono. Akakaa kwenye kigoda.

"Nimekuja kukuuliza wewe, si dada yako. Dada yako anajua kusema. Wewe ulituma yale mawe?"

"Sikutuma, baba."

"Mkono umefanya nini?"

Rafaeli akamweleza. Alieleza taratibu, bila maneno ya shule: barafu iliyopaswa kushika ikaachia, ukungu, kamba, glavu. Baba mdogo alisikiliza akiwa ameinama.

"Kwa hiyo hata wewe ilikugeuka."

"Haimjui mtu, baba. Inafuata joto tu."

"Inapungua kweli?"

"Kweli."

"Itarudi?"

Nilitaka Rafaeli aseme uongo kidogo. Hakusema. "Tukipunguza moshi itapungua polepole zaidi, na hilo si dogo. Lakini ile iliyokwisha kuondoka, katika umri wangu na wa wanao, sioni ikirudi."

"Na huo moshi ni wa nani?"

"Wa watu wengi, baba. Wako mbali. Wengi wao hawajui kama tupo."

Baba mdogo akasugua magoti yake. Baadaye akasema jambo ambalo naliandika kama lilivyotoka: "Mimi nilitaka awe mtu wa karibu. Mtu wa karibu ningemwendea, ningemfukuza, ningelala. Huyo wa mbali nitamfanyaje?" Akamtazama mama. "Shemeji, wanangu wamekula mahindi yako. Mimi ndiye niliyewatuma. Mimi mwenyewe nimekula."

"Najua," mama akasema. "Nilizitambua nyayo."

Akasimama, akavaa kofia. Akasema kuanzia leo atakayemgusa Otilia amemgusa yeye, na atalisema hilo kijiji kizima. Nilimwangalia akiondoka na nikajisikia kumpenda, mzee yule niliyekuwa nimemchukia mwezi mzima. Nikawaza yamekwisha.

Alhamisi, 10 Aprili
Alilisema kweli. Kisimani wanawake wamemsalimia mama, mmoja amembebea ndoo.

Jumamosi, 12 Aprili
Hayakuisha. Yalihama.

Jana jioni walikwenda kwa Masanja watu kama kumi, na baba mdogo Adolfu akiwamo. Wakamwambia ng'ombe wake wanamaliza majani, mtama wake una bahati isiyo ya kawaida, na kijiji kinaona heri aondoke kabla damu za vijana hazijachemka. Wakasema kwa heshima. Usiku ule ule mtu akamkata mapaja fahali wake mmoja kwa panga.

Nilikimbia kwa baba mdogo. Nilimkuta anafunga mataji ya matawi kwa ajili ya kesho. "Baba, wewe ulielewa. Rafaeli alikueleza, ukaelewa!"

"Nilielewa." Hakuniangalia. "Otilia ni wa kwetu. Nimemwondoa mdomoni mwao. Siwezi kuwanyang'anya vyote viwili, Fransiska. Wana njaa."

"Kwa hiyo umewapa Kabula."

Akaendelea kufunga matawi.

Wameondoka leo asubuhi, kushuka bonde la Rukwa, ambako wana ndugu. Rafaeli amewasindikiza akichunga ndama kwa mkono wake mmoja mzima. Masanja alisimama kwenye yale matuta tuliyojenga pamoja, akayatazama, akapita. Kabula alimkumbatia mama. "Mama, wewe baki na Mungu."

"Nilipaswa kuondoka mimi," mama akasema.

"Ungekwenda kwa nani? Na sisi tumezoea."

Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili. "Usizoee," akamwambia. "Mwanangu, usizoee."

Vumbi halikuwepo, kwa sababu ya mvua. Tuliwaona kwa muda mrefu.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi
Mama hakwenda kanisani.

Ijumaa, 18 Aprili
Rafaeli ameitwa tena kwa msafara wa Novemba. Atakwenda. Mama alimwuliza, "Ukijua kwamba inaisha, unakwenda kupima nini?" Akajibu, "Nikiacha kupima, mama, watasema haikuwepo."

Mvua imeanza kuaga. Manyunyu tu.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili
Nimeamka nikakuta kitanda cha mama kitupu na ufagio haupo. Nilimtafuta uwanjani, nikamtafuta shambani. Nikavuka kijito.

Alikuwa kwa Kabula. Nyumba imefungwa kwa kamba, zizi wazi, samadi imekauka. Mama alikuwa ameinama anafagia uwanja, mistari ya ufagio imenyooka kutoka mlangoni hadi njiani. Nyuma ya ukuta, majani yaliyoanza kuota alikuwa ameshayang'oa. Kumbe anakuja kila siku tangu walipoondoka.

Watu waliokuwa wakienda shambani walipunguza mwendo wakatazama. Mmoja wao alikuwa baba mdogo Adolfu. Mama aliwasalimia, akaendelea.

"Mama," nikamwambia, "hawarudi."

"Sijasema wanarudi." Akagonga ufagio chini ili usawazike. "Lakini nyumba isipofagiwa, watu wanazoea upesi kwamba hapakuwa na mtu."

Nikaingia ndani ya zizi nikatafuta ufagio mwingine. Sikuupata. Nikavunja matawi, nikaanza upande wa pili.